Afisa Akisema "Ni Hiari Yangu": Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mamlaka ya Hiari

SWALI: Niliomba leseni ya biashara na nikatimiza masharti yote yaliyobandikwa ofisini. Jibu lililokuja lina mstari mmoja: "Ombi lako limekataliwa kwa mamlaka ya hiari tuliyopewa na sheria." Nilipofuatilia nikaambiwa hiari haihojiwi. Je, ndivyo ilivyo?

Sivyo. Mamlaka ya hiari ni uwezo ambao sheria, hati au mkataba humpa mtu wa kuchagua kati ya maamuzi zaidi ya moja, yote yakiwa halali. Afisa anaweza kukupa leseni, kukunyima, au kukupa yenye masharti, asiwe amevunja sheria kwa lolote kati ya hayo. Lakini uwezo huo amekabidhiwa kwa kazi maalumu. Majaji wa Uingereza walilisema hili tangu mwaka 1598 katika kesi ya Rooke. Makamishna waliosimamia kingo za mto walimtwisha mwenye shamba mmoja gharama yote ya ukarabati, ilhali majirani zake nao walinufaika. Sheria iliwapa makamishna hiari ya kugawa gharama, na bado mahakama ikasema hiari hiyo inaongozwa na akili na sheria, haifuati utashi wa mtu.

Anza na kifungu chenyewe. Iulize ofisi ni kifungu kipi imetumia, kisha ukisome neno kwa neno. Kikisema afisa "anaweza kutoa leseni", ana hiari. Kikisema "atatoa leseni endapo masharti yafuatayo yametimizwa", hana hiari hata chembe. Huo ni wajibu, na hoja yako inakuwa nyepesi zaidi kuithibitisha. Yako maneno ya katikati pia, kama "akiridhika kwamba" au "kwa maoni yake". Hayo yanampa nafasi ya kupima, ila lazima pawepo kitu kwenye faili kilichomridhisha. Faili tupu haliridhishi mtu.

Ukishajua kwamba hiari ipo, tafuta kosa katika namna ilivyotumika. Usiende mahakamani na hoja kwamba uamuzi ni mbaya, kwa sababu hiyo peke yake hushindwa karibu kila mara. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Wednesbury, iliyoamuliwa mwaka 1947. Halmashauri ya mji iliruhusu jumba la sinema kufunguliwa Jumapili kwa sharti kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasiingie, hata wakiwa na mtu mzima. Wenye jumba walilalamika kuwa sharti hilo halina maana, wakashindwa. Mahakama ilisema itaingilia tu pale uamuzi unapokuwa wa ajabu kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye akili timamu ingeweza kuufikia. Kizingiti hicho ni kirefu mno.

Makosa yanayoshika ni mengine. La kwanza ni kutumia hiari nje ya kusudi la sheria. Mwaka 1968 wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Uingereza walimshtaki waziri wa kilimo aliyekataa kupeleka malalamiko yao kwenye kamati ya uchunguzi. Sheria ilisema "anaweza" kuyapeleka. Majaji walikuta kwamba sababu zake, mojawapo ikiwa hofu ya kujiletea usumbufu wa kisiasa, hazikuhusiana na lengo la sheria ile, na wafugaji wakashinda.

La pili, ambalo ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi, ni afisa kujifunga mwenyewe kwa sera. Ofisi inaruhusiwa kuwa na sera. Bila sera watu wenye hali moja wangepata majibu tofauti. Kisichoruhusiwa ni kuziba masikio. Kampuni ya British Oxygen ilikuwa imetumia zaidi ya pauni milioni 4 kununua mitungi ya gesi, kila mmoja kwa bei isiyofika pauni 20. Ikaomba ruzuku ya serikali, ikanyimwa kwa sababu wizara ilikuwa na kanuni ya kutolipia kifaa kilicho chini ya pauni 25. Kampuni ilishindwa, lakini hukumu ya mwaka 1970 iliacha kanuni inayotumika hadi leo: sera ni halali mradi mwenye mamlaka yuko tayari kumsikiliza mwenye jambo jipya la kusema. Kwa hiyo, barua yako ya kwanza ionyeshe wazi ni nini kinachoitofautisha hali yako na za wengine. Kama hawakuijibu hoja hiyo, umepata kosa.

Mengine ni kupima mambo yasiyohusika au kuacha yanayohusika, kutokukupa nafasi ya kujibu tuhuma iliyokuharibia, na afisa kusaini uamuzi uliofanywa na mtu mwingine asiyetajwa na sheria.

Sasa andika barua ya ukurasa mmoja ukiomba vitu vinne: sababu za uamuzi kwa maandishi, kifungu kilichotumika, nakala ya sera kama ipo, na cheo cha aliyeamua. Tunza bahasha au barua pepe yenye tarehe. England na Wales, ombi la mapitio ya mahakama, yaani kuitaka mahakama ikague uhalali wa uamuzi, hupelekwa haraka, na kwa kawaida halivuki miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Rufaa za ndani ya ofisi mara nyingi zina siku chache zaidi, na kwa kawaida mahakama hutaka uwe umezimaliza kwanza.

Na ujue unachokwenda kukipata. Kwa kawaida mahakama haikupi leseni. Inaufuta uamuzi na kuurudisha ofisini ukafanywe upya kwa njia halali, na ofisi inaweza kukukatalia tena, safari hii kwa sababu zinazosimama. Ndiyo maana tunasisitiza upate sababu kabla ya kulipa ada ya wakili.

SWALI: Marehemu baba aliacha mali kwenye mfuko wa udhamini, yaani mali inashikwa na wadhamini kwa faida ya wengine. Hati inasema wadhamini wanaweza kumpa "yeyote kati ya watoto wangu, kwa kiasi watakachoona kinafaa". Ndugu yangu amepewa mtaji mkubwa, mimi sijapata kitu. Nawezaje kudai fungu langu?

Pole, ila katika mfuko wa aina hiyo huna fungu. Hilo liliamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1967, na nchi nyingi zinazofuata mfumo huo wa sheria zinalifuata: mnufaika wa mfuko wa hiari hana sehemu ya mali mpaka wadhamini waamue kumpa. Usawa kati ya watoto nao si lazima, kama hati haikuutaja. Mwenye mali huchagua mfumo huu mara nyingi kwa makusudi, ili mtoto mwenye madeni au mwenye mahitaji makubwa ashughulikiwe kivyake.

Ulicho nacho ni haki ya kufikiriwa kwa dhati, na haki hiyo ina uzito kuliko inavyosikika. Wadhamini wanapaswa kujua uko wapi, una mahitaji gani, na kuyaweka mezani wanapogawa. Kama hawajawahi kuuliza, hawajatumia hiari yao ipasavyo. Katika kesi moja ya Uingereza ya miaka ya 1980, wadhamini walikuwa wakisaini kila karatasi waliyoletewa na mwenye mali bila kusoma wala kujua kwamba wana uamuzi wa kufanya. Migawo ile ilifutwa.

Usiwaandikie kwa hasira ukidai haki sawa. Waandikie ukieleza hali yako kwa takwimu: kipato, wanaokutegemea, karo, matibabu, deni lililopo na tarehe yake ya mwisho. Ambatanisha vielelezo. Omba wakufikirie katika kikao kijacho na wakujulishe kimefanyika lini. Barua hiyo ikiwa kwenye faili lao, hawawezi kusema hawakujua.

Omba pia nakala ya hati ya udhamini na hesabu za mfuko. Hizo kwa kawaida hutolewa. Sababu za mgawo ni jambo jingine: tangu miaka ya 1960 mahakama za Uingereza zimekubali kwamba wadhamini wa mfuko wa familia hawalazimiki kuzitoa, kwa hofu kwamba kila kikao kingegeuka ugomvi wa ukoo. Mwaka 2003, katika kesi iliyotoka Kisiwa cha Man na kuamuliwa London, ilisemwa kwamba hata utoaji wa nyaraka za mfuko uko chini ya usimamizi wa mahakama, nayo ndiyo inayopima nani aone nini. Kwa hiyo ukinyimwa hesabu, mahakama ina uwezo wa kuagiza zitolewe.

SWALI: Mimi ni mmoja wa wadhamini watatu wa mfuko wa namna hiyo. Tufanye nini ili uamuzi wetu usije ukafutwa?

Kwanza, amueni wote. Katika mfuko wa familia wingi wa kura hautoshi, isipokuwa hati iseme hivyo. Wawili wakisaini na wa tatu hakubaliani, hakuna uamuzi.

Pili, someni kifungu kinachowapa mamlaka kabla ya kila mgawo, hata kama mmekwisha kukisoma mara kumi. Kosa la kumpa mtu asiyemo kwenye orodha ya wanufaika haliponywi na nia njema. Mjukuu si mtoto, na mke wa mnufaika si mnufaika, kama hati haikuwataja.

Tatu, barua ya matakwa iliyoachwa na mwenye mali isomwe na ipewe uzito wake, lakini haiwafungi. Muhtasari wa kikao ukisema "tumegawa kama barua ilivyoagiza", mmejishtaki wenyewe. Uandike kwamba mliisoma, mkaipima pamoja na hali ya sasa ya kila mnufaika, kisha mkaamua.

Muhtasari mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Uwe na tarehe, waliohudhuria, kifungu kilichotumika, majina ya wanufaika wote waliofikiriwa hata wasiopata, taarifa zilizokuwa mezani, ushauri wa kodi uliopatikana, mgongano wowote wa maslahi na namna ulivyoshughulikiwa, kisha kiasi na mpokeaji. Sababu si lazima ziwemo humo. Wapo mawakili wanaoshauri ziwekwe kwenye karatasi ya siri ya wadhamini. Sisi tunaliunga mkono hilo, kwa sababu baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka, na mdhamini mpya ataanza gizani.

Msikabidhi mgawo kwa mtu mwingine. Sheria ya Wadhamini ya mwaka 2000 ya England na Wales inaruhusu uwekezaji kupewa wakala, lakini uamuzi wa nani apewe mali unabaki kwa wadhamini wenyewe.

Kuhusu ushauri wa kitaalamu, hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mgawo ulio ndani ya mamlaka, lakini ukaleta kodi isiyotarajiwa, hautafutwa kwa sababu hiyo tu. Lazima wadhamini wenyewe wawe wamekiuka wajibu wao. Wakiwa wamemuuliza mshauri anayefaa, naye akawapotosha, kwa kawaida hawajakiuka, na mgawo unasimama na kodi yake. Ushauri unawakinga ninyi. Hauurudishi mfuko pale ulipokuwa. Kwa hiyo chagueni mshauri mwenye bima ya kazi yake, ili akikosea pawe na wa kudaiwa fidia.

SWALI: Meneja wa uwekezaji amenipa mkataba unaompa hiari kamili juu ya akaunti yangu. Nisaini?

Inategemea kilichoandikwa baada ya maneno hayo. Huduma hizi ziko tatu. Ya kwanza, dalali hutekeleza unachoagiza tu. Ya pili, anakushauri nawe unakubali au unakataa kila biashara. Ya tatu ndiyo hii: ananunua na kuuza bila kukuuliza. Ina faida ya kweli kwa mtu asiyeweza kujibu simu soko linapoporomoka. Lakini uamuzi wako wote unakuwa umeufanya siku ya kusaini, basi siku hiyo usiharakishe.

Dai mipaka kwa namba. "Uwekezaji wa wastani" ni maneno yasiyopimika. "Hisa kati ya asilimia 40 na 60, hatifungani za serikali zisipungue asilimia 25, fedha taslimu zisizidi asilimia 10, kampuni moja isizidi asilimia 5" yanapimika, na meneja akivuka unaweza kumshika kwa karatasi yake mwenyewe. Andika pia kama anaruhusiwa kukopa kwa dhamana ya akaunti, kununua mikataba ya bei za baadaye, kuweka fedha zako katika mifuko ya kampuni yake mwenyewe, na kushika sarafu za kigeni. Usipolitaja jambo, mkataba wa hiari kamili huenda ukawa umeliruhusu. Weka pia muda wa kurekebisha: mipaka ikivukwa kwa sababu bei zimepanda, airudishe ndani ya siku ngapi?

Kuuza na kununua ni mamlaka moja. Kutoa fedha ni nyingine. Mpe ya kwanza, umnyime ya pili. Na mali ihifadhiwe na benki au taasisi isiyo chini yake, inayokutumia wewe taarifa moja kwa moja. Wateja wa Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2008, walikuwa wamemwachia uamuzi, utunzaji wa mali na uandishi wa taarifa, vyote vikiwa ndani ya kampuni moja. Biashara alizowaandikia hazikuwahi kufanyika. Kila mwezi linganisha taarifa ya meneja na ya mtunza mali, mstari kwa mstari, idadi ya hisa kwanza kabla ya thamani.

Ada nayo itazame kwa makini. Meneja anayelipwa kamisheni kwa kila biashara, tena mwenye hiari, ana kishawishi cha kuuza na kununua bila sababu. Kipimo chake ni rahisi. Jumlisha ununuzi wote wa miezi 12, ugawe kwa wastani wa thamani ya akaunti. Ukipata 6, maana yake mali yako yote imezungushwa mara sita kwa mwaka. Kama kununua kunagharimu asilimia 1 na kuuza asilimia 1, umelipa takribani asilimia 12 ya mali yako, na uwekezaji unapaswa kuzaa kiasi hicho ndipo urudi ulipoanzia. Nchini Marekani mzunguko wa mara 6 kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya biashara iliyozidi. Chagua ada ya asilimia ya mali, na uulize kama kuna malipo yoyote anayopokea kutoka kwa wengine.

Taarifa ije walau kila robo mwaka, ikiwa na kigezo cha kulinganishia mlichokubaliana mapema. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Januari 2018 zinamtaka meneja akujulishe thamani ikishuka kwa asilimia 10 tangu taarifa iliyopita, si zaidi ya mwisho wa siku ya kazi ambayo kiwango hicho kimevukwa. Hata kama sheria ya kwenu haina sharti hilo, liweke kwenye mkataba.

Angalizo kwa wenye dalali wa kawaida, asiye na mkataba huu. Ukimpigia ukasema, "Ninunulie hisa 100 za kampuni fulani ukiona bei nzuri," hujampa hiari kamili. Umemwachia saa na bei tu. Kanuni za Marekani zinaihesabu ruhusa hiyo kuwa ya siku hiyohiyo mpaka mwisho wa biashara, isipokuwa umeandika na kusaini vinginevyo. Ukisema "ninunulie kitu kizuri", hapo umemwachia kampuni na idadi pia, na kanuni hizo zinadai idhini yako ya maandishi kabla hajagusa akaunti. Madalali wengi hupotea hapo.

SWALI: Katika habari za bajeti ya Marekani husikika "matumizi ya hiari". Ina maana serikali inaweza kutumia au kutotumia?

Hapana. Ni matumizi ambayo Bunge lao huyapigia kura upya kila mwaka, kupitia miswada 12 ya fedha. Ulinzi umo humo. Pensheni za uzeeni na bima ya afya ya wazee hazimo: zinalipwa kwa sheria za kudumu kwa kila anayestahili, bila kungoja kura ya mwaka. Rais haruhusiwi kuzizuia kwa utashi wake fedha zilizokwisha kuidhinishwa. Sheria ya mwaka 1974 inamtaka apeleke ombi Bungeni.

SWALI: Mkataba wangu wa mkopo unasema benki "inaweza kubadilisha riba wakati wowote kwa hiari yake". Imepandisha mara tatu. Nina ulinzi gani?

Upo, ila mwembamba. Mahakama ya Rufaa ya England ilisema mwaka 2001, katika kesi ya Paragon Finance, kwamba kifungu cha namna hiyo kina sharti lisiloandikwa: mkopeshaji asipandishe riba kwa udanganyifu, kwa kusudi lisilofaa, kwa kukurupuka, wala kwa kiwango ambacho hakuna mkopeshaji mwenye akili angekitoza. Hata hivyo wakopaji walishindwa, kwa sababu riba ya kampuni ilikuwa juu kutokana na matatizo halisi ya fedha. Shida ya mkopeshaji ilihesabiwa kuwa sababu halali ya kibiashara.

Basi kusanya ushahidi wa mwenendo. Omba orodha ya mabadiliko yote ya riba yako tangu mkopo ulipoanza, pamoja na tarehe zake, uiweke sambamba na riba ya benki kuu kwa tarehe hizohizo. Ikiwa yako hupanda pamoja nayo lakini haishuki inaposhuka, au wakopaji wapya wenye hali kama yako wanatozwa chini sana, una cha kuuliza. Uliza kwa maandishi sababu ya kila ongezeko. Angalia pia siku za notisi zilizoandikwa kwenye mkataba, maana ongezeko lisilofuata notisi linaweza kupingwa bila hata kugusa suala la hiari.

Usichanganye hili na haki ya benki kudai mkopo wote ukichelewesha rejesho. Hapo kwa kawaida swali ni kama ucheleweshaji ulitokea au la, na mahakama haipimi kama benki ilikuwa na huruma.

Kwa mkopo ujao, jadili kabla ya kusaini. Omba riba iandikwe kama kiwango cha benki kuu na kuongeza asilimia kadhaa zilizotajwa, ikipanda na kushuka pamoja na kiwango hicho. Benki ikikataa, omba notisi ya siku 30 na ruhusa ya kulipa mkopo wote bila faini ndani ya siku hizo. Hilo la pili hukubaliwa kwa urahisi zaidi, nalo hukupa nafasi ya kuhamia kwa mkopeshaji mwingine kabla ongezeko halijaanza kukatwa.